Punda Si Ng'ombe: Mafunzo Niliyopata kwa Punda Aliyezaa

Kwetu Ugogoni, mkoani Dodoma, kila mtu ni bingwa wa ng'ombe. Muulize mtoto wa darasa la nne wa Chamwino au Bahi namna ya kumtunza ng'ombe aliyezaa, atakueleza bila kusita: ndama anyonye lini, dang'a likamuliwe vipi, kondo likichelewa aitwe mzee gani. Muulize kuhusu punda, atacheka. Punda anazaa kivyake, atakwambia, asubuhi unakuta wako wawili.

Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo tulipolala. Mimi nafuga punda wachache wa kubebea maji, kuni na mavuno katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa kukesha zizini, kwa kuwasumbua wataalamu wa mifugo kwa simu, na kwa kubishana na wazee wanaojua ng'ombe kuliko nitakavyojua mimi maisha yangu yote. Wafugaji wa farasi huko Kenya wanayajua mengi kati ya haya, maana punda na farasi ni ukoo mmoja. Sisi wenye punda tumerithi elimu ya mnyama mwingine, na kila jambo linapoharibika baada ya punda kuzaa, ukichunguza utakuta mtu alifanya lile ambalo kwa ng'ombe lingekuwa sawa.

1. Tazama saa, mikono iache mfukoni

Punda hubeba mimba kwa mwaka mzima, mara nyingi na siku kadhaa juu yake. Aliyepandwa masika atazaa masika yanayofuata. Wiki chache kabla ya siku yenyewe kiwele kinajaa, na siku moja au mbili za mwisho chuchu zake mbili (ndiyo, mbili tu) hutoa utomvu mzito unaogandia kwenye ncha. Ukiuona huo, usiende mbali.

Huzaa usiku zaidi, na huzaa upesi. Tangu chupa ivunjike mpaka mtoto awe chini ni kama nusu saa. Ng'ombe anaweza kuhangaika saa kadhaa na mwisho wake ukawa mwema. Punda akisukuma nusu saa nzima bila chochote kuonekana, hiyo ni dharura, mpigie daktari wa mifugo hata kama ni saa nane za usiku.

Mtoto akishatoka, kuna hesabu nyepesi waliyonifundisha wataalamu, nami nimeifundisha kila mwenye punda pale kijijini: moja, mbili, tatu. Ndani ya saa moja mtoto awe amesimama. Ndani ya saa mbili awe amenyonya. Ndani ya saa tatu kondo liwe limetoka. Akichelewa kidogo kusimama si msiba, wengine ni wazito. Lakini anayelala tu, shingo imelegea, hatafuti chuchu, huyo si mvivu. Ni mgonjwa.

Wakati huo wote, kaa mbali. Mama anamlamba mtoto, anamnusa, anamkariri. Wakija watoto wa mtaa mzima kumshika masikio, mama anachanganyikiwa, na mwingine humkataa mtoto kabisa.

2. Kondo la punda halisubiri kesho

Hili ndilo lililonigombanisha na wazee kuliko yote.

Kondo la ng'ombe likikwama, watu hungoja. Siku moja, hata mbili. Wengine hulifungia jiwe au jembe lililochakaa ili uzito ulivute taratibu. Punda wangu mmoja alizaa vizuri usiku wa manane, mtoto akanyonya, lakini kulipokucha kondo lilikuwa bado linaning'inia. Mzee mmoja jirani alikuja, akatazama, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mwache. Kesho litaanguka lenyewe." Nikamjibu, "Baba, kwa ng'ombe nakubali. Huyu hana kesho." Alinitazama kama mtu aliyekosewa adabu, na nadhani kidogo nilikuwa nimemkosea, lakini daktari aliitwa.

Sababu ni hii. Kondo likibaki ndani ya punda zaidi ya hizo saa tatu linaanza kuoza, vijidudu vinaingia kwenye damu, na sumu yake inafika hadi kwenye kwato. Unaweza kumkuta punda hawezi kukanyaga, miguu inamuuma, na wewe ukadhani amechomwa na mwiba, kumbe shida ilianzia kwenye kizazi. Kulivuta kwa nguvu nako ni hatari: linachanika, kipande kinabaki, na kipande kilichobaki kinaua sawasawa na kondo zima. Kazi yako ni kulifunga fundo lisiburuzwe chini wala kukanyagwa, halafu uite mtaalamu.

Likitoka lenyewe, usilitupe kabla ya kulitazama. Mimi hulitandaza juu ya gunia. Kondo la punda lina umbo la suruali: miguu miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba, na tundu moja tu kubwa, pale alipotokea mtoto. Angalia ncha za miguu yote miwili. Ncha ya ule mwembamba ndiyo hupenda kukatikia ndani. Ukikuta pengo, kuna kitu kimebaki.

Kisha lizike, tena shimo refu. Usiku wa Ugogoni una fisi, na harufu ya kondo husafiri.

3. Kitovu

Usikikate. Kiache kikatike chenyewe mama anapoinuka au mtoto anapojitupa kusimama. Damu iliyobaki kwenye kondo bado ni ya mtoto. Kikishakatika, weka ayodini kwenye kikombe kidogo, kichovye kitovu chote mpaka kwenye ngozi, na urudie asubuhi na jioni kwa siku chache hadi kikauke. Chupa ya ayodini inapatikana duka lolote la dawa za mifugo mjini Dodoma, na hata kwenye maduka madogo ya minadani.

Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe au oili chafu ya pikipiki. Nimeviona vyote vitatu.

Kinachoogopewa hapa ni pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na kwenye samadi, yaani katika zizi lenyewe, na jamii ya punda na farasi huathirika navyo kuliko mifugo mingine. Mtoto anakakamaa siku kadhaa baada ya kuzaliwa: masikio yamesimama wima hayachezi, mkia umenyooka, taya halifunguki kunyonya, na ukipiga makofi ghafla ngozi ya ndani ya jicho inaruka kufunika mboni. Ukifika hapo umechelewa. Chanjo ipo, na mama akichanjwa mwezi mmoja au zaidi kidogo kabla ya kuzaa anampitishia mtoto kinga kwenye dang'a. Muulize daktari mapema, kwa sababu chanjo hiyo huenda hatembei nayo. Wengi huja vijijini kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kuku.

4. Dang'a

Mtoto wa punda huzaliwa bila kinga ya kutosha mwilini. Kinga yake yote ya mwanzo imo kwenye dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri saa kumi na mbili za kwanza tu. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Atanyonya maziwa na kushiba, lakini kinga haiingii tena.

Kwa sababu hakuna anayemkamua punda, hakuna anayechunguza kama mtoto ananyonya kweli. Anaonekana yuko chini ya mama, kichwa kimeingia kunako kiwele, mtu anasema ananyonya. Mtazame paji la uso. Ukilikuta limelowa maziwa na manyoya yamegandamana, hanyonyi. Amesimama tu pale na maziwa yanamdondokea. Gusa kiwele: kikiwa kigumu na kimevimba wakati mtoto ana saa nyingi tangu azaliwe, jibu unalo. Hapo kamua dang'a kwenye kikombe safi, umnyweshe kwa chupa yenye chuchu, akiwa amesimama au amelalia tumbo, kichwa kikiwa pale ambapo kingekuwa kama angekuwa ananyonya. Ukimwinua mdomo juu kama unavyomlazimisha mtoto dawa, maziwa yanaingia kwenye mapafu.

Angalia pia kinyesi cha kwanza, kile cheusi kinachonata. Kitoke siku hiyohiyo. Mtoto anayeinua mkia, anajikamua, kisha analala na kuinuka tena bila kutoa kitu amefunga choo, na hiyo nayo ni ya daktari.

5. Mnyama anayebeba maji hapewi maji

Simama kwenye kituo cha maji cha kijiji chochote mwezi wa Septemba, uangalie. Punda wamejipanga, kila mmoja na madumu manne ya lita 20, mawili huku na mawili kule. Hizo ni kilo 80 juu ya mnyama ambaye mwenyewe mara nyingi hafiki kilo 150. Wanajaziwa, kamba zinakazwa, fimbo inapigwa, safari. Hesabu walioachiwa wainame wanywe kabla ya kuondoka. Maji ni ya kununua, foleni ni ndefu, na punda si mnyama wa kulalamika.

Punda anayenyonyesha katika jua letu anahitaji lita 20 au zaidi kwa siku. Kiasi cha sehemu tisa kati ya kumi za maziwa yake ni maji. Asipokunywa, hakuna cha kumnyonyesha mtoto.

Ng'ombe aliyezaa anapewa mashudu kwa sababu tunayataka maziwa yake. Maziwa ya punda hayaingii jikoni mwetu, basi hakuna anayeuliza kama yapo. Naamini vifo vingi vya watoto wa punda katika vijiji vyetu vinaanzia hapa kuliko kwenye ugonjwa wowote. Mama kazaa juzi, leo kafungwa magunia mgongoni na kupelekwa kisimani tangu alfajiri hadi saa sita. Mtoto, ambaye wiki ya kwanza hunyonya mara kadhaa kila saa, ama ameachwa amefungwa kwenye mgunga akilia, ama anakimbia nyuma ya mama yake kwenye vumbi. Na mkikaribia barabara kuu, ile ya Morogoro au ile ya Iringa, malori hayana habari kwamba kuna kitoto kinachomfuata mama bila kutazama kulia wala kushoto.

Ratiba yangu ni hii. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba, mzigo unapungua mpaka unakwisha. Miezi miwili baada ya kuzaa, hakuna mzigo. Baada ya hapo madumu mawili tu, njia fupi, mtoto akiwa naye, mkisimama anyonye.

Najua jibu. Na maji ya nyumbani je? Hapo ndipo majirani wanapoingia. Kwetu akina mama tumepatana, bila kikundi wala katiba wala mhuri. Wa kwangu alipozaa, jirani alinipitia asubuhi: "Mbukwenyi, dada. Nimesikia una mgeni zizini. Nitakuletea madumu mawili kila nikitoka kisimani. Karanga zikianza kung'olewa utanikumbuka." Nilimkumbuka. Na wa kwake alipozaa, tulibadilishana zamu. Nimeona miradi mingi ikipita na fulana zake. Hakuna uliowasaidia punda wa mtaa wetu kama mapatano haya.

Chakula si kazi kubwa. Mabua ya mtama au uwele, majani makavu ya karanga, nyasi mbichi masika, na mama aliyekonda umwongeze pumba kidogo na mashudu ya alizeti kiasi cha viganja viwili. Usimjaze nafaka, tumbo la punda halikuumbiwa karamu. Ila kuna jambo moja la kushtukia: punda aliyezaa akikataa kula siku nzima, usimwache alale na njaa. Mwili wake hukimbilia kuyeyusha mafuta yake wenyewe, damu inajaa mafuta, ini linaelemewa, na akifika huko wachache hurudi. Ng'ombe anaweza kususa chakula kidogo ukamsubiri. Huyu usimsubiri.

6. Dume, mvua na fisi

Dume afungwe mbali. Punda jike hurudi kwenye joto ndani ya wiki mbili hivi baada ya kuzaa, dume analijua hilo kabla yako, na katika kumfukuza mama, anaweza kumng'ata au kumkanyaga mtoto. Kuna madume yanayoua mtoto kwa makusudi.

Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya ng'ombe. Mtoto akinyeshewa Januari usiku kucha, au akipigwa na ule upepo wetu wa Juni na Julai bila kizuizi, anaganda. Mabati mawili na ukuta wa miti upande unakotoka upepo vinatosha.

Fisi nimeshamtaja. Zizi la miiba liwe juu na lisiwe na mwanya chini. Punda mama ni mpiganaji, anapiga teke na kung'ata, lakini akiwa amefungwa kamba mguuni hawezi kupigana. Usimfunge.

7. Yanayotisha bure

Mtoto wa punda atakula kinyesi cha mama yake. Mwache. Ndiyo njia yake ya kupata vijidudu vya kumsaidia kusaga majani. Kati ya wiki ya kwanza na ya pili atapata pia kuhara kidogo. Akiwa anacheza na ananyonya, msafishe matako kwa maji ya uvuguvugu na umpake mafuta ya mgando manyoya yasinyonyoke. Akilala, akiacha kunyonya, au kuhara kukiwa kama maji, hapo ndipo pa kuhangaika.

8. Dawa za ng'ombe zibaki za ng'ombe

Josho la kuua kupe lenye amitrazi, ambalo wengi tunalo nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, halifai kwa punda. Utumbo wake unaweza kuacha kufanya kazi. Na baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe vya madukani vimetiwa monensini, ambayo kwa punda ni sumu ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Soma gunia. Kama huoni maandishi, mama anayenyonyesha asionje.

9. Miaka mitano

Si zamani sana machinjio ya punda yalikuwa yakifanya kazi hapa Dodoma na kule Shinyanga, ngozi zikisafirishwa China kutengenezwa ejiao, dawa yao ya asili itokanayo na gundi ya ngozi. Punda waliuzwa, wengine waliibwa, na kuna kaya zilizorudi kubeba maji kichwani. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ni uamuzi mzuri. Lakini marufuku haizai punda.

Piga hesabu. Mimba mwaka mmoja, mtoto mmoja, na mtoto huyo mifupa yake haijakomaa kubeba mzigo mpaka afike miaka minne hivi, ingawa nawaona wakibebeshwa madumu hata miaka miwili hawajatimiza. Punda uliyempoteza leo, mrithi wake yuko miaka mitano mbele. Ukiacha mtoto afe wiki ya kwanza kwa kukosa ayodini na maji ya kunywa ya mama yake, umetupa miaka hiyo yote.

Kule Lamu, kliniki ya shirika la The Donkey Sanctuary imekuwa ikitibu punda tangu mwaka 1987, na wenye punda wa kisiwa kile wanajua pa kukimbilia. Sisi tuna chuo cha mafunzo ya mifugo cha LITA Mpwapwa, tuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI palepale Mpwapwa, na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayomlinda punda kama inavyomlinda ng'ombe. Kinachokosekana ni afisa mifugo wa kata kumuuliza mwananchi, anapokuja kuchanja ng'ombe, kama nyumbani kuna punda mwenye mimba. Halmashauri ziwaagize waulize, na wakija waje na chanjo ya pepopunda.

Na wewe mwenye punda ambaye kiwele chake kimeanza kujaa: nunua ayodini wiki hii, andika namba ya daktari ukutani, zungumza na jirani yako habari ya maji kabla mtoto hajazaliwa.